Mshale Uliokataa Kushuka

Baba alifanya kazi ya boila katika kiwanda cha chai mpaka alipostaafu, na boila ndilo lililomfundisha kuamini mshale. Viwanda vya huku Kericho na Bomet hunyausha na kukausha majani kwa joto la mvuke, na mvuke huo hutoka kwenye maboila yanayolishwa kuni za mkaratusi usiku na mchana. Usoni pa boila pana geji ya shinikizo. Mshale ukikaribia alama nyekundu, moto hupunguzwa kwanza, maswali yakafuata baadaye. Kando yake pana bomba la kioo linaloonyesha maji yamefika wapi, kwa sababu boila lililopungukiwa maji linaweza kuua. Baba alivitazama vitu hivyo viwili zamu baada ya zamu, na kila asubuhi alirudi nyumbani mzima. Sikuwahi kumlaumu kwa imani yake.

Mama ameishi na mishale ya aina nyingine. Yeye ndiye mwenye shamba la chai, yeye ndiye huingia shambani umande haujakauka, akichuma majani mawili na chipukizi, na yeye ndiye hubeba gunia hadi kituo cha kuuzia majani. Alianza enzi za mizani ya springi, gunia likitundikwa na mshale ukitikisika kwa upepo huku watu wakikodoa macho. Hakudai kwamba mtu alimwibia. Alichosema ni kwamba mshale husomwa na mtu, na mtu huchoka. Kwa hiyo alinunua daftari la mazoezi, lile dogo la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma, akawa anaandika kilo zake mwenyewe kila jioni. Mizani ya kielektroniki ilipokuja hakuacha kuandika.

Ndani ya nyumba hiyo yenye imani mbili liliingia gari moja kuukuu.

Ni pikapu, Toyota Hilux ya 1986, ya petroli, yenye kabureta na pampu ya mafuta inayoendeshwa na injini yenyewe. Baba aliinunua kwa bonasi ya chai na mkopo wa ushirika. Bonasi ya upande wetu, magharibi ya Bonde la Ufa, kwa kawaida huwa chini ya ile ya wakulima wa Mlima Kenya, kwa hiyo gari kwetu ni jambo la kuombewa kanisani kabla ya kununuliwa. Mwaka wa gari aliuchagua kwa makusudi. Kizazi chake kilikua kikisimama kando ya barabara wakati wa Pasaka kungojea magari ya Safari Rally. Shujaa wake alikuwa Ove Andersson, Mswidi aliyeshinda kwa Peugeot 504 mwaka 1975. Baadaye Andersson akaongoza timu ya Toyota, na Toyota ikalichukua taji la Safari mara tatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986. Baba akamfuata huko.

Nyumbani kwetu ni juu ya Kapkatet, mahali ambapo mvua ya alasiri hunyesha karibu kila siku na barabara ya changarawe hubadilika sura kila msimu. Pikapu ilibeba majani ya ng'ombe, mbolea, maziwa, wagonjwa, viti vya harusi za watu, na kila Jumapili ilimbeba Kogo, mama yake Baba, mpaka mlangoni pa kanisa. Katika mvua ndefu za mwaka 2023, maji yalichimbua jiwe katikati ya njia, chini kidogo ya lango letu. Baba alilipita likiwa limefunikwa na maji ya matope. Kikasikika kishindo chini ya sakafu. Alishuka, akainama, akanusa. Hakuna kilichovuja. Akaendelea na safari.

Tangu siku hiyo mshale wa mafuta ulishuka mpaka robo, ukakomea pale. Wala hakuna aliyelihusisha jiwe na mshale. Gari lilikuwa linatumika kwa safari fupi, Baba akiongeza mafuta kila mara kabla hayajaisha, na kila alipotazama dashibodi aliona robo iliyotulia. Kwa mtu wa boila, mshale uliotulia ni habari njema.

Kisha ikaja koito ya kaka. Kwa wasioijua, koito ni siku familia ya mvulana inapokwenda kwa familia ya msichana kukamilisha mazungumzo ya mahari na kufunga uchumba mbele ya wazee. Huwa na maziwa ya mursik, hotuba ndefu, na wajomba wenye kumbukumbu kali. Msichana alikuwa wa Longisa, ng'ambo ya Bomet, upande ambako chai huisha na mahindi na malisho huanza. Ilikuwa Agosti, shule zimefungwa, kila mtu yuko nyumbani. Mbele walikaa Baba, Kogo na shangazi. Nyuma, chini ya turubai, tulikaa mimi, Mama, kaka katika suti yake, baba mdogo, na blanketi za zawadi zilizofungwa kwenye nailoni zisiingie vumbi.

Tulipofika Kapkatet Mama aligonga kioo cha nyuma.

"Mzee, mafuta yapo?"

"Robo iko. Robo itatufikisha na kuturudisha."

Tukapita Kaplong, tukakata kushoto kuelekea Bomet, tukavuka daraja la mto Nyangores. Katika kupanda upande wa pili gari likaanza kukohoa. Likavuta, likaacha, likavuta tena, kisha likazima kabisa, Baba akalielekeza ukingoni kwa nguvu ya mwendo iliyobaki.

Kilichofuata ndicho ninachotaka kukieleza kwa makini, maana ndicho kilichotugharimu. Mshale ulikuwa robo. Kwa kuwa ulikuwa robo, mafuta yaliondolewa kwenye orodha ya washukiwa kabla uchunguzi haujaanza. Baba akafungua boneti akakagua nyaya za plagi. Baba mdogo akafungua kifuniko cha distribyuta, akakifuta kwa leso yake nyeupe ya sherehe. Wakaangalia maji, wakaangalia betri, wakapuliza kabureta. Kogo akabaki kitini, kimya, mkoba wake mapajani. Jua likapanda. Simu ya kaka ikaita kutoka Longisa, ikaita tena.

Mama alishuka, akazunguka ubavuni, akainama na kuligonga tangi kwa kifundo cha kidole, kuanzia juu kushuka chini. Palipo na mafuta mlio huwa mzito, palipo patupu mlio huwa mwembamba na wenye mwangwi. Mwangwi ulishuka naye mpaka chini kabisa.

"Mzee, hapa hamna kitu."

"Mshale uko robo."

Hakumjibu mbele ya mama mkwe wake na shemeji zake. Alimpa kaka noti, akasimamisha bodaboda, akamtuma Bomet mjini. Kaka akarudi na suti yake na jerikeni la lita tano. Mafuta yakamiminwa, Baba akazungusha ufunguo muda mrefu mpaka pampu ikavuta, na injini ikawaka. Mshale haukutikisika. Ulikuwa robo tangi likiwa tupu, ukabaki robo baada ya lita tano.

Tulifika Longisa wakati wazee wa upande ule wameshamaliza chai ya kwanza. Baba alisimama akaomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima, na mjomba wa msichana, mtu mpole, akauliza kama gari lilikuwa na mafuta. Baba akajibu kwamba lilikuwa na robo. Nilimtazama Mama. Alikuwa anatazama blanketi.

Fundi wa kwanza aliyeitwa alibadilisha geji ya dashibodi. Akaleta nyingine ya mtumba, akaifunga, akawasha: robo. Nasema hili kwa sababu watu wengi hupoteza pesa mahali hapohapo. Geji ya dashibodi haijui lolote kuhusu mafuta. Ndani ya tangi kuna boya linaloelea juu ya petroli, limeshikwa na mkono mwembamba wa chuma. Boya likipanda au kushuka, mkono husogeza kidole kidogo juu ya waya uliozungushwa, na waya huo huupa umeme njia rahisi au ngumu. Katika gari kama letu, tangi likijaa njia huwa rahisi, umeme hupita mwingi, kipande cha chuma ndani ya geji hupata joto na kupinda, na mshale hupanda taratibu. Tangi likipungua, ukinzani huongezeka, chuma hupoa, mshale hushuka. Mshale hutangaza habari za boya tu. Boya likishikwa na kitu, mshale utasema ukweli kamili wa mahali boya liliposhikwa.

Fundi wa pili, wa Litein, ndiye aliyelishusha tangi. Chini yake palikuwa pamebonyea kuingia ndani, upana wa sahani ya chakula, na mkono wa boya ulikuwa umelala juu ya kile kibonyeo. Robo yetu ilikuwa alama ya jiwe.

Lakini tangi lilikuwa na mengine. Fundi aliyamimina mabaki kwenye chupa ya kioo akaiacha itulie. Petroli ikakaa juu. Chini ukatokea utando wa maji yenye rangi ya udongo, na chini ya maji vumbi la kutu. Petroli ni nyepesi kuliko maji, hivyo maji yakiingia hukaa sakafuni pa tangi, yakagusa chuma mchana na usiku. Na huku kwetu huingia kwa urahisi. Kericho ni nchi ya mwinuko wa mita 2,000 hivi. Mchana gari hupata joto, usiku baridi huingia, na hewa iliyo ndani ya tangi lenye mafuta kidogo huacha unyevu wake ukutani pa chuma. Ongeza kifuniko chenye mpira uliochoka na mvua ya kila alasiri. Gari linalolala na tangi karibu tupu, mwezi baada ya mwezi, hujijaza maji lenyewe. Sisi tuliliweka hivyo kwa sababu mafuta ni ghali, na kila mtu hapa kijijini hufanya hivyo.

Kwenye mshono, karibu na kibonyeo, petroli ilikuwa imeanza kulowesha. Fundi akapaka sabuni ya kipande, akaikandamiza kwenye ufa kwa dole gumba. Sabuni haiyeyuki katika petroli, ndiyo maana dawa hiyo imesafiri nchi nzima. Inafaa kukufikisha nyumbani. Haifai kuishi nayo. Baba akataka tangi lipelekwe sokoni likachomelewe, na hapo ndipo Mama alipokataa kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia akiitumia kwa Baba.

"Tangi hilo haliguswi na moto."

Tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka Sachang'wan, karibu na Molo, kwenye barabara ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret. Watu walikimbilia kuchota. Moto ukalipuka na kuua zaidi ya watu 100. Molo si mbali nasi, na nyumba nyingi za huku zilichangia mazishi ya mtu fulani. Tangu wakati huo Mama haruhusu jerikeni la petroli kuvuka kizingiti cha jikoni, hata likiwa tupu. Yuko sahihi. Lililokwisha mafuta ni la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu kinacholipuka ni mvuke uliochanganyika na hewa, na tangi tupu limejaa mchanganyiko huohuo. Mvuke wenyewe ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni, ukatafuta jiko lilipo. Fundi mwenye uzoefu huliosha tangi mara nyingi, akalijaza maji, akabakiza nafasi ndogo tu mahali pa kuchomelea. Yule wa sokoni alisema atalipuliza kwa mdomo kwanza. Tukaondoka na tangi letu.

Lilipatikana jingine la mtumba Nakuru, kwa wauzao vipuri vya magari yaliyokufa. Lilikuwa safi ndani, la Hilux ya miaka ileile, ila halikuwa na kipimo chake cha boya, na kile chetu cha zamani mkono ulikuwa umepinda na waya wake kuliwa na kutu. Fundi wa tatu, ambaye simtaji, alikuwa na kipimo kwenye sanduku lake. Matundu ya skrubu hayakulingana, akatoboa mapya. Akafunga, akajaza petroli mpaka juu, akawasha. Mshale ukalala chini kabisa, kwenye E.

"Utazoea, Mzee," alimwambia Baba. "Waya zikishapata moto utapanda."

Ukapanda kweli. Siku zilivyopita, mshale ukaanza kunyanyuka, ukafika robo, ukasogea kuelekea nusu. Baba alifurahi kuona mashine inapona polepole.

Mama alikuwa ameshafungua daftari jipya. Baada ya Longisa hakungoja ruhusa. Aliandika namba ya kilomita kila gari lilipotoka na kila liliporudi, akaandika lita kila zilipotiwa, na katika safu ya tatu akaandika mshale ulikuwa wapi. Hesabu yake ni ile inayoweza kufanywa na mtu yeyote mwenye tangi: jaza mpaka juu, tembea, jaza tena mpaka juu, gawa kilomita kwa lita ulizorudisha. Kilomita 160 zilikula lita 20, yaani kilomita 8 kwa lita, na kwa vilima vyetu na gari la umri ule si vibaya. Jioni ya tarehe 14 ya kila mwezi anakaa karibu na redio, kwa kuwa ndipo mamlaka ya kawi na petroli, EPRA, hutangaza bei zitakazotumika kuanzia usiku wa manane hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Oktoba 14, 2023, lita ya petroli Nairobi ilitangazwa kuwa shilingi 217.36, bei ya juu kuliko zote nchi ilizokuwa imesikia mpaka siku hiyo. Huku kwetu bei hutofautiana kidogo, lakini pigo ni lilelile. Mama aliandika namba hiyo juu ya ukurasa, akaipigia mstari.

Kurasa mbili baadaye safu zake zilikuwa zinapingana. Kilomita zinaongezeka, mshale unapanda. Akatia lita kumi, mshale ukashuka. Alimwonyesha Baba. Baba alisoma, akasema kipimo kipya bado kinajipanga. Nadhani alikuwa amekwisha kuona. Lakini mtu aliyetegemea mshale maisha yake yote hawezi kuuacha kwa siku moja, na Mama alimwachia muda huo bila kumsukuma.

Muda ukamwangukia kaka. Alikuja Ijumaa usiku kutoka Kisumu, ambako anafanya kazi, na alfajiri kabla Mama hajaamka alichukua pikapu kwenda Kericho mjini kuleta mabati ya nyumba anayoijenga. Mshale ulikuwa juu ya robo tatu. Akapita vituo vya mafuta vya Litein bila kusimama, akashukuru moyoni kwamba mwezi ule wa bei kali kuna mtu nyumbani aliyejaza tangi. Kutwa alizunguka Kericho kutafuta mabati ya rangi aliyoahidi. Jioni alirudi yakiwa yamefungwa kwa kamba nyuma, mvua ikinyesha, na kwenye mlima wa kutoka Chemosit, katikati ya chai pande zote mbili, gari likazima.

Alipiga simu. Mama aliweka spika tukamsikia sote, na mvua ikipiga mabati nyuma ya sauti yake.

"Mama, gari limezima na tangi limejaa. Mshale umefika F."

Mama alichukua daftari rafuni, akaliweka chini ya taa, akahesabu kwa penseli.

"Mwanangu, hapo hamna hata lita moja. Tafuta bodaboda akuletee mafuta kutoka Litein. Washa taa za hatari, na ukae nje ya gari, upande wa chai, usikae barabarani."

Baba alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake. Simu ilipokatika aliomba daftari. Alikaa nalo mezani, akaanza ukurasa wa kwanza, akasoma safu zote tatu kwa kidole, kama alivyokuwa akisoma kitabu cha zamu cha boila. Chakula kilipoa. Kaka alifika usiku akiwa ameloa mpaka mifupa, mabati yakiwa salama, na Baba akawa bado anasoma. Mwishowe alilifunga akamgeukia Mama.

"Kwenye boila tulikuwa na kioo," alisema. "Mshale ulikuwa na shahidi. Hapa sikuuwekea shahidi."

"Basi sasa yupo," Mama akasema, akarudisha daftari rafuni.

Aliyetatua kipimo alikuwa mchumba wa kaka, yule wa Longisa. Alisomea umeme katika chuo cha ufundi, jambo ambalo kwenye koito lilitajwa mara moja tu, katikati ya hesabu za ng'ombe. Alikuja kututembelea Desemba. Alimsikiliza Baba mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akaomba kama anaweza kulitazama gari. Alichomoa waya unaoingia kwenye tangi, akaugusisha kwenye chuma cha fremu, akamwomba Baba azungushe ufunguo. Mshale ukapanda mpaka F. Akautenganisha, ukaanguka mpaka E.

"Baba, geji ni nzima na waya ni mzima," alisema. "Tatizo liko kwenye kipimo chenyewe."

Tangi likashushwa, na kwa kuwa lilikuwa karibu tupu Mama alizima moto wa jikoni kwanza na kuwatuma watoto kwa jirani. Msichana akashika kipimo mkononi, akaunganisha mita yake, akainua boya juu na kulishusha. Ukinzani ulikuwa mkubwa boya likiwa juu, mdogo likiwa chini. Kwa Hilux inapaswa kuwa kinyume. Kipimo kile kilitoka kwenye gari la mtengenezaji mwingine, ambaye hupanga umeme wake kwa mwelekeo tofauti. Katika gari lake kilifanya kazi vizuri. Katika letu kiligeuza tangi juu chini. Baba aliomba ainue boya tena, akasogeza miwani, akatazama namba zikibadilika. Akauliza maswali mengi, ya mtu wa mitambo, na yule binti akayajibu yote kwa heshima na bila haraka. Kufikia jioni walikuwa wanazungumza kuhusu shinikizo la mvuke.

Kipimo sahihi kilipatikana Kericho, pamoja na gasketi mpya, na matundu ya ziada yakazibwa sawasawa. Baba alitaka kujaza tangi siku hiyohiyo ili auone mshale. Mama akamwambia angoje tarehe 14. Alingoja. Desemba 14 bei ikashuka kwa shilingi tano.

Asubuhi iliyofuata walikwenda kituo cha mafuta cha Litein, wote watatu, Baba, Mama na mkwe wao mtarajiwa, na mimi nikiwa nyuma. Kabla ya lolote Mama alisoma stika ya maofisa wa serikali wa mizani na vipimo iliyobandikwa kwenye pampu, akaridhika na tarehe yake. Baba akamweleza mhudumu wanachotaka: lita tano, simama, lita tano, simama. Kila mara bomba lilirudishwa mahali pake kwanza, kifuniko kikafungwa, ndipo ufunguo ukazungushwa na mshale ukangojewa upande. Mama alitaja lita. Baba alitaja mshale. Msichana aliandika. Magari yaliyotufuata yalihamia pampu nyingine, na mhudumu, kijana wa Kapkatet, akashikwa na jambo hilo kiasi kwamba alianza kukisia kabla Baba hajasema.

Hata kipimo sahihi kilikuwa na tabia zake. Mshale ulinyanyuka kutoka E baada ya lita za mwanzo kuingia, ukakimbia kufika robo, ukachelewa kati ya nusu na robo tatu, na ulisimama F kabla tangi halijajaa kabisa. Tangi si sanduku la pembe nne, na mkono wa boya huzunguka, haupandi wima, kwa hiyo nusu ya mshale si lazima iwe nusu ya petroli. Baba hakuona haya wala huzuni kwa hilo. Alitaka tu namba zote ziandikwe.

Usiku ule alizinakili kwenye kadi ngumu kwa mwandiko wa kitabu cha zamu, akaifunika kwa nailoni, akaibandika kwenye dashibodi chini ya geji. E ni lita 4. Robo ni lita 14. Nusu ni lita 25. Robo tatu ni lita 38. F ni lita 47. Chini yake, kwa wino mwekundu, ameandika kwamba gari lisilale likiwa chini ya nusu kuanzia Machi hadi Septemba, na kwamba kabla ya safari yoyote inayopita Kaplong, dereva asome daftari la Mama.

Kaka amekwisha kulisoma mara nyingi. Harusi ilipokaribia, yeye ndiye aliyekuwa akiandika safu ya tatu.